Usizime, Nibia Bado

Jumanne, 1 Agosti 2006

Asilimia 61. Ile ile tangu Juni. Nimepasha maji ya mate, chai yetu ya majani machungu, nimekaa mbele ya kompyuta kama anayelinda sufuria ya maziwa. Haichemki.

Dunia nzima mwenye faili hili ninalolipakua ni mtu mmoja tu, anajiita Zurdo48. Ni rekodi ya karnivali ya 1984, jukwaa la mtaani kwetu, kaka yangu Heber anaimba wimbo wa kuagana. Kaseti yetu iliharibiwa na mafuriko. Heber mwenyewe tumemzika miaka mitatu sasa, na sauti yake imeanza kunitoka. Maneno nayakumbuka, sauti hapana. Hilo ndilo linaloniuma.

Na huyu Zurdo yupo mtandaoni kutwa, hanipi hata tone. Mchoyo.

Ijumaa, 4 Agosti

Mvua. Nimekaanga torta frita, maandazi yetu ya siku za mvua, ili Darwin aje. Fundi wa televisheni, lakini hapa mtaani Cerro hakuna anayemjua Punda kumshinda. (Programu ya kupakulia ina jina lake rasmi. Sisi tunaiita Punda, kwa mwendo wake.)

Ametazama kioo huku anatafuna. "Jirani, namba 4662 kwako imefungwa. Ndiyo mlango Punda anaopitia. Na kwa huyo Zurdo pia pamefungwa. Mmoja wenu akiwa wazi, mnapata kuonana. Mkifunga wote wawili, utazeeka hapo kitini."

"Nishazeeka."

"Basi utazeeka zaidi."

Amefungua kwenye kisanduku cha mtandao, ameiambia na ngome ya ulinzi ya kompyuta imruhusu Punda. Tumejaribu. Umefungwa vilevile. Ameondoka na torta zilizobaki.

Jumatano, 9 Agosti

Darwin amerudi bila kuitwa. Kosa limemjia akiwa amefungua televisheni ya mtu. Umeme ulipokatika Juni, kisanduku kiliipa kompyuta yangu namba mpya ya anwani. Sisi tulikuwa tunafungua mlango kwa namba ya zamani — kama kumpelekea barua mtu aliyehama. Amerekebisha, kaifunga namba isibadilike tena. Jaribio: wazi.

Saa moja baadaye, asilimia 62. Nimelia mbele ya fundi, aibu tupu.

"Lia tu, jirani. Ila usilowanishe kibodi."

Alipotoka nikamtumia Zurdo ujumbe. Kwamba miezi miwili ananibania. Kwamba amelalia faili kama kuku mayai. Niliona raha kweli kuuandika.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimejibiwa. Si yeye.

"Samahani, dada. Mimi Mirtha, mke wa Ruben, huyo unayemwita Zurdo. Ruben alifariki mwezi wa sita, hukuhuku Uswidi. Mambo ya mashine siyajui. Siku ya kwenda hospitali alibandika karatasi kwenye kioo: Usizime, Nibia bado hajamaliza. Basi sijazima."

Nimesoma mara nne. Mtu yuko kaburini na mimi namwita kuku. Miezi miwili yule mama ameacha mashine inawaka kwa ajili yangu, na aliyekuwa amefunga mlango bila kujua ni mimi. Nikaomba radhi.

"Usijali," kaandika. "Ruben angecheka sana."

Rekodi aliichukua mwenyewe, kinasa sauti mapajani, mwaka mmoja kabla hawajahamia huko kutoka hapa kwetu.

Jumamosi, 12 Agosti

Asilimia 88. Tunaandikiana kila siku, Mirtha na mimi. Ananiuliza kama tunakula bado ñoqui, vile vidonge vya viazi, kila tarehe 29 kama ilivyo desturi. Tunakula.

Leo kasema binti yake anataka kuitoa kompyuta, chumba kiwe chumba tena. Amemwambia asubiri Nibia amalize.

"Feni ya mashine inavuma humo ndani, dada. Nikiwa jikoni nasahau kidogo. Naona kama Ruben yupo, anafanya kazi zake."

Leo kwa mara ya kwanza sikuuchukia mwendo wa Punda.

Jumatatu, 14 Agosti

Saa nne na robo asubuhi. Asilimia 100.

Sijafungua. Mkono uko kwenye kipanya, Heber yuko pale, na siwezi. Darwin amechungulia dirishani: "Vipi, anaimba?" Nimemwambia spika mbovu. Kumdanganya fundi hivyo! Amenitazama, akaenda zake.

Mirtha ameandika. "Imebaki kiasi gani, dada? Binti yangu amekuja na gari, anapanda ngazi. Ukisema imeisha, nazima."

Nimeandika: Bado asilimia moja. Sijatuma.

Ameuliza tena. "Nibia? Upo?"