Ada ya Wafungishaji Ndoa

Jumanne, 4 Agosti
Barua ya serikali imefika. Dola mia mbili na arobaini kabla ya tarehe 31, la sivyo jina langu linafutwa kwenye orodha ya wafungishaji ndoa. Mwaka jana nilifungisha ndoa nne tu, na moja bure kwa sababu bwana harusi ni mtoto wa jirani. Yule wa jijini Adelaide anayefungisha mia kwa mwaka analipa hiyohiyo. Padri halipi hata senti! Eti pesa ni za kutusimamia. Nani kanisimamia? Miaka kumi na moja, hata simu sijapigiwa.

Alhamisi, 6 Agosti
Mkutano kwenye klabu ya kriketi. Tulikuwa saba, wafungishaji wote wa pwani hii wasio wa kanisa. Merv Trezise, mwenyekiti wetu, kasema tusilipe. Hata mmoja wetu asilipe. Wakitufuta wote, watu hapa watakosa wa kuwafungisha, watampigia kelele mbunge, na mbunge ataamka. Coral Heffernan akauliza, je, mmoja akilipa kimyakimya? Merv akacheka. "Coral, mama, sisi watu wazima au chekechea?" Mikono ikanyooshwa. Wangu pia.

Lakini machale yamenicheza. Haraka yote hii ya nini? Sisi sita tukifutwa na yeye akabaki, harusi zote ni zake! Halafu Septemba anamfungisha ndoa binti yake Tegan, kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu huyo mtoto avishwe pete mji mzima umechoka kusikia. Mtu kama huyo akubali kufutwa wiki chache kabla? Mimi sikuzaliwa jana.

Jumapili, 16 Agosti
Nimemkuta Merv dukani kwa mwokaji, ananunua pai za nyama, anapiga mluzi. Nikamuuliza kwa utani, vipi, hujalipa bado? "Glenys, utaniua kwa kicheko wewe." Akaondoka na pai zake.

Hilo si jibu! Nimelirudia njia nzima. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Jumamosi, 22 Agosti
Coral kaniambia Merv kashonesha suti. Ya kijivu, na kizibao chake. Haya sasa! Nani anashona suti ya kazi anayosubiri kufukuzwa? Coral akasema labda ni ya baba wa bibi harusi tu. Coral naye ni mwepesi kuamini.

Ijumaa, 28 Agosti
Nimelipa.

Dakika tatu kwenye kompyuta, basi. Siwezi kuingia mkenge kwa umri huu. Kazi hii ndiyo iliyoniinua kitandani mume wangu Alf alipofariki. Kusimama mbele ya watu wawili wanaotetemeka na kusema maneno ya sheria bila kukosea, hicho ndicho ninachokijua. Sitakiacha kwa sababu ya mtu anayepiga mluzi.

Aibu ninayo. Nimezima kompyuta kama mwizi.

Jumanne, 1 Septemba
Serikali inaweka majina yetu kwenye mtandao, yeyote anaona. Nimeangalia baada ya chai. Wote saba tumo. Merv yumo! Nilijua. Au bado hawajaanza kufuta? Serikali haina haraka isipokuwa ya kupokea.

Jumatano, 9 Septemba
Naangalia asubuhi na jioni. Merv bado yumo, anang'aa. Nikampigia Coral: unaona huyo mwenyekiti wako? Akasema, na wewe je, Glenys, mbona umo? Nikamwambia nimelipa. Akasema na yeye kalipa, tangu tarehe kumi Agosti. Alijua mimi nitalipa. Eti nilinyoosha mkono nusunusu! Nimekasirika kuliko inavyonipasa.

Tumekubaliana Merv asijue. Ingawa yeye ndiye wa kwanza kulipa, naapa.

Jumatatu, 14 Septemba
Sita.

Nimehesabu tena. Nimefunga, nimefungua. Coral yumo, mimi nimo, wale wanne wote wamo. Merv Trezise hayumo.

Jumatano, 16 Septemba
Nimejifungia chooni. Naandika juu ya goti. Merv yuko jikoni kwangu, anakunywa chai.

Kaja na faili la harusi ya Tegan mkononi. Barua yake ya kufutwa imefika Jumatatu. "Na yenu bila shaka," akasema, wala hakuuliza. Nikamwambia hujaangalia orodha? "Niangalie nini? Tulikubaliana." Akacheka kidogo. Macho yake mekundu.

Harusi ni Jumamosi. Watu themanini, kondoo kashaagizwa. Padri wa mjini yuko safarini, wa pili anataka mafunzo ya wiki sita kwanza. Kalala kwenye gari jana kwa sababu Tegan hataki kumwona. Kamwambia baba, ungelipa tu, dola mia mbili, nani angejua? Naye kamjibu, wenzangu sita wangejua. Alinisimulia hivyohivyo, huku anakoroga chai isiyo na sukari.

Kisha akasukuma faili mezani. Karatasi ya kusudio la ndoa ilishakabidhiwa tangu Julai, mwezi mmoja wa kusubiri kisheria umepita, kinachotakiwa ni mfungishaji mwingine halali aipokee na kusaini. "Wewe unajuana na watu, dada yangu. Humjui hata mmoja, popote, ambaye bado yumo?"

Nikasema naomba niende msalani.

Naweza kutoka sasa hivi nisaini. Dakika moja. Tegan anaolewa Jumamosi, kondoo analiwa, kila kitu sawa. Ila nikishika kalamu tu, atajua. Kuhusu mimi, na akiuliza kidogo, kuhusu wote. Nikinyamaza, huyo mtoto haolewi. Siku arobaini nimemchunguza mtu huyu kama polisi! Hata suti yake nimeichunguza.

Kabisha mlango. Polepole, kwa kidole.

"Glenys? Unalia? Usilie, dada. Angalau tumefutwa pamoja."

Nimefungua bomba la maji asinisikie.