Mgongo Mbele ya Cherehani

2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui tena. Mimi ni mzima, na filamu yangu imekubaliwa. Itamfuata muuaji tangu anaporuka ukuta hadi anaponawa mikono. Kamera ndiyo macho yake. Najua utapinga. Lakini filamu nyingine humlilia marehemu, kisha watu hufuta machozi na kurudi makwao wakijiona safi. Mimi nataka watoke wakiikagua mikono yao. Naomba ridhaa yako, kwa kuwa kisa ni cha kuuawa kwa Dada.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inanifikisha kwenye cherehani na kunirudisha kitandani. Umeniandikia kama wakili. Shahada hiyo ya filamu imekutoa mbishi kuliko ulivyoingia. Tengeneza filamu yako. Ila miaka tisa nimepata usingizi kwa sababu marehemu baba yako aliniapia kwamba dada yako alikuwa amelala mchana ule, akaenda bila kujua lolote. Hilo usiliguse.

Mama yako

30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili hujazijibu, ingawa jirani ananihakikishia kuwa u mzima. Nilimtembelea muuaji gerezani mara nne. Ningewezaje kuyaandika macho nisiyoyajua? Akanieleza hata yale ambayo mahakama haikuyauliza, nami nikayaweka yote. Baba alikudanganya kwa huruma. Mimi sikuweza kuujenga ukweli wangu juu ya uongo wake. Nilikusihi usije kuitazama. Nasikia ulikuja.

Mwanao

12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuja, nikaketi safu ya nyuma kabisa. Nikaona ukuta wetu, kisha mlango wangu, kisha mgongo wangu. Nashona, mguu unakanyaga, cherehani inanguruma. Muuaji anasimama nyuma yangu mpaka namaliza upindo wa pazia, na ukumbi mzima tumesimama naye. Mtu wa kiti cha jirani alinong'ona, "Geuka, mama." Sikugeuka.

Akaingia chumba cha pili. Kisu kiliposhuka mara ya kwanza, mtoto aliniita. Mara ya saba alikuwa bado ananiita, nami nashona.

Radhi yangu unayo. Ila cherehani nimeigeuza, sasa inaelekea mlangoni. Ukija, piga hodi ukiwa bado mbali.

Mama yenu