Plamu za Mlima wa Zulfo

Hrastova Kosa,
Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Šefko,

Asalaam aleikum, wewe na shemeji Enisa na watoto wote wa huko Göteborg. Natumaini baridi haijawafungia ndani bado, na mgongo wako umepata nafuu tangu uache kazi ya kubeba makreti. Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hunung'unika nikipanda ngazi za msikiti, lakini hayo si ya kukuandikia. Shangazi Behija ana afya kutuzidi sote, na ndiye aliyenikalisha hapa kuandika. Sababu yake utaiona mbele, maana unanijua, napenda jambo lielezwe kuanzia mwanzo wake.

Habari kubwa ni kwamba mlima umefunguliwa. Vile vibao vyekundu vyenye fuvu, vilivyozunguka shamba la plamu la marehemu Zulfo tangu vita viishe, vimeng'olewa. Mwezi uliopita Vedad, mkuu wa wateguaji wa mabomu, alitembea shamba zima kutoka juu hadi chini, amevaa viatu vya kawaida, ili sote tumwone. Kisha tukamfuata. Nimeushika kwa mikono yangu ule mti uliokuangusha ukavunjika mkono. Kwenye mizizi yake walikuta bomu.

Lakini ilibaki kidogo tuukose mlima huo. Watu hudhani mabomu ya ardhini huondolewa kwa sababu yapo. Sivyo. Huondolewa kwa fedha za nchi za mbali, na fedha hizo hazitoshi kila mahali. Kwa hiyo wafadhili huuliza: ni nani amezuiwa kutumia ardhi yake? Kijiji kilichozuiwa hutangulia. Kinachoishi vizuri hivyo hivyo husubiri.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, wafadhili walimtuma mjumbe, mama mmoja mpole, aje ajionee. Nawe unawajua watu wetu mgeni akija. Tulipaka kuta chokaa, tukachinja kondoo, kila nyumba ikaleta meza yake uwanjani: pita za jibini, plamu kavu, mitungi ya pekmez yetu nzito ya plamu zilizochemshwa, na chupa moja ambayo imamu alijifanya haioni. Mama yule alionja pekmez, akauliza plamu zake zinatoka wapi. Jirani yetu Nurija akajibu kifua mbele, "Mlimani kwetu, mama! Bosnia nzima huzipati kama hizi." Mkewe akadakia kwamba zao ndizo tamu kuliko zote. Wengine wakaona wanapitwa, ikawa mashindano. Mgeni aliuliza kupitia mkalimani kama kweli kila nyumba huchuma huko. Kila nyumba, wakamwambia, kila mwaka.

Alikula, akashukuru, akaondoka.

Mwezi wa Agosti Vedad, aliyekuwa ameshaupima mlima wetu tayari kwa kazi, alikuja kutuaga. Alituambia, akiwa nyumbani kwa shangazi, kwamba fedha zetu zinahamishiwa bonde jingine, kwa kuwa mjumbe ameona sisi mlima wetu tunautumia. Simlaumu mama yule, alisadiki alichoambiwa. Shangazi alikuwa anamimina kahawa. Aliliweka birika chini.

"Plamu zipi, mwanangu? Mimi sijakanyaga kule tangu ng'ombe wangu arushwe juu na bomu! Nanunua sokoni Gradačac."

Nurija, aliyekuwa kando yangu, alibadilika rangi. "Shangazi, nyamaza! Vedad anasikia."

"Na wewe unanunua. Nilikuona umejificha nyuma ya lori la kabichi."

"Ulinionaje, kama hukuwa sokoni?"

"Nilikuwa nimejificha upande wa pili!"

Vedad alicheka hadi kahawa ikammwagikia. Wewe umekaa mbali muda mrefu, kwa hiyo nikukumbushe: kwetu nyumba inayonunua plamu haina tofauti na nyumba inayoomba chumvi kila siku. Ndiyo maana kila mtu alikuwa akienda Gradačac kimyakimya, akirudi na magunia yaliyofunikwa mablanketi, kisha akiwasha moto uani na kukoroga sufuria ya shaba kana kwamba ametoka mlimani. Tulionana, na hatukuulizana.

Vedad alipoacha kucheka, alimuuliza shangazi kama angeweza kuyarudia maneno hayo mbele ya mjumbe. Ni jambo moja kumwambia Vedad, ni jingine kumwambia mgeni aliyekula mezani pako. Siku iliyofuata alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, akapanda basi hadi mjini, akamwambia mjumbe yote. Nurija alimfuata, akilalamika njia nzima, naye akasema. Kisha wengine. Fedha zikarudi, na majira ya kuchipua wateguaji wakaanza kazi.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua. Shangazi ameketi mbele yangu na amenikataza kulainisha maneno. Ile mitungi aliyokuwa akikutumia kila mwaka, ambayo uliandika kwamba unaila huku umefumba macho na kuuona mlima, yote ilikuwa ya plamu za Gradačac. Kila mtungi, Šefko. Ule wa kwanza alikuwa amekusudia kukueleza, lakini uliandika kwamba umelia ulipouonja, naye akashindwa. Anakuomba radhi. Anasema afadhali uyasikie kwake kabla hujaja, kwa maana Nurija atakusimulia hata hujashuka basi.

Pamoja na barua hii unapokea mtungi wa mlimani. Miti imekaa muda wote huo bila kupogolewa, kwa hiyo plamu zake ni ndogo na chachu, na mimi ndiye niliyekoroga, kwa hiyo pekmez imeungua kidogo chini. Shangazi hataki sifa safari hii. Onja, kisha umpigie simu umwambie ukweli. Ukisema ni kali hatakasirika. Ameshanunua msumeno wa kupogolea, na ameniambia nifunge barua haraka maana mimi ndiye wa kushika ngazi.

Wabusu watoto wote. Njooni majira ya kuchipua, miti itakuwa na maua, na tutapanda huko juu sote.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Ragib