Maneno Kumi Chini ya Picha

Jumatatu, 2 Juni

Chai, redio, simu. Kabla jua halijatoka grupu la "Kagera Tujadili" lilikuwa limeshachafuka. Kahawa tena. Ta Projestus, mstaafu wa ushirika na msimamizi wa grupu, anasema bei inaharibiwa na wageni wanaovusha magendo. Wengine wanasema ni makato. Wengine wanatukanana tu.

Niliandika aya nne. Mnada unavyoendeshwa, nani anapima, makato yanatoka wapi. Kila neno nimelihakiki. Nikapata dole gumba moja, la Projestus, na nadhani hakusoma.

Dakika kumi baadaye Jovina akatuma sauti. Ni mchuuzi wa samaki kutoka visiwa vya Muleba. Sijawahi kumwona. "Shikamooni wazee wa kahawa. Mimi nauza dagaa, nauliza tu. Anayenunua kahawa ya jirani yake ingali maua, kwa sababu jirani ana shida ya ada, huyo naye ni mgeni? Au mgeni ni mimi tu?"

Grupu zima likacheka. Anasema habari ya butura, kuuza kahawa kabla haijaiva. Mimi nimeiandikia habari mara saba. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekasirika. Leo wamecheka na wamekasirika. Projestus amekasirika kuliko wote, na mjini inajulikana kwa nini.

Nina wivu. Naandika neno lenyewe ili nisilizungushe.

Jumatano, 4 Juni

Leo ni shule. Mzazi mmoja wa Rwamishenye anadai Kiswahili kinawachelewesha watoto, wote wahamishiwe Kiingereza. Mwingine akamuuliza kama yeye mwenyewe anaota kwa Kiingereza. Ikafika kwenye michango ya chakula, kisha kwenye madawati, kisha, kama kawaida, kwa wahamiaji. Kwamba shule za visiwani zimejaa watoto wa watu wa kupita, na watu wa kupita hawatengenezewi madawati.

Jovina: "Wanangu wanasoma wamekalia madumu. Dumu la mafuta, njano, unalijua. Mwalimu akisema simama, darasa linapiga ngoma. Njooni mtusikilize, mtachagua wenyewe ni ngoma ya kabila gani."

Jioni Doreen amenipigia kutoka Mwanza. Binti yangu ni muuguzi, hana muda wa siasa. "Mama, umemsikia yule dada wa madumu?" Nimesoma habari miaka ishirini na sita. Hajawahi kunipigia kwa sababu ya habari yangu hata moja.

Nilimwambia nina kazi.

Ijumaa, 6 Juni

Sadoth, mkuu wa kituo chetu cha redio, amemwalika Jovina kwenye kipindi cha kesho. Kipindi changu. "Meza ya Mkoa", Jumamosi saa nne asubuhi, miaka kumi na minane. Hakuniuliza. Alinijulisha mlangoni, akiwa ameshika funguo za gari.

Jumamosi, 7 Juni

Amekuja. Miaka arobaini hivi, mrefu, kitenge kilichofuliwa sana. Kovu linakata nyusi ya kushoto vipande viwili. Alipiga goti kidogo kunisalimia.

"Shikamoo Ma Adventina. Nyumbani ulipokuwa unaanza kusoma habari, baba alikuwa anatunyamazisha. Hata mbuzi alinyamazishwa."

Alisema kwa heshima. Iliniuma zaidi.

Hajui kukaa mbele ya kipaza sauti. Anageuka geuka, anapiga meza. Simu hazikukoma. Mzee wa Maruku alipiga kumtukana, akaishia kumuuliza bei ya sangara. Mimi nilisoma matangazo ya vifo.

Baadaye Sadoth akasema, "Ma, unaonaje akija kila wiki?" Nikasema ni uamuzi wa ofisi. Sikupandisha sauti. Sijawahi kupandisha sauti kazini.

Nyumbani niliketi sebuleni mbele ya fremu yangu. Picha ya kwanza niliyowahi kutoa ukurasa wa mbele, nilipokuwa bado gazetini. Wanawake na watoto wanashuka mitumbwini, mwaloni upande wa Muleba, magodoro kichwani, masufuria, mikungu ya ndizi. Chini yake kipande cha gazeti chenye maelezo niliyoandika mimi: *Familia za wahamiaji zikishuka mwaloni kutafuta makazi mapya wilayani Muleba.*

Mbele kabisa kuna msichana mwenye sufuria. Nyusi ya kushoto vipande viwili.

Nimeitazama picha hiyo kila siku kwa miaka mingi. Leo ndiyo nimeiona.

Jumapili, 8 Juni

Ibada ya kwanza. Mahubiri marefu. Nje ya kanisa Projestus alinisubiri kivulini, kofia mkononi.

"Ma Adventina, wewe ndiye maktaba yetu. Huna kitu cha zamani kuhusu hawa watu wa visiwani?"

Nilisema nitaangalia. Sikuwa na cha kuangalia. Saa nane mchana niliipiga fremu picha kwa simu nikamtumia. Niliongeza: "Kwa kumbukumbu tu."

Sikumtajia msichana. Nilijua ataona kovu. Kila mtu alimwona Jovina jana, Sadoth aliweka video. Naandika hapa kwa sababu sitaandika kwingine. Nilijua.

Jumatatu, 9 Juni

Projestus aliitupa kwenye grupu saa moja asubuhi. Duara jekundu kuzunguka uso wa msichana. "Gazeti halidanganyi. Na mwandishi mnamjua."

Nilihesabu majibu mpaka nikaacha. *Kumbe! Ndiyo maana anatetea wageni. Aonyeshe kwao. Madumu arudi nayo alikotoka.* Wawili watatu walimtetea, wakaambiwa wameoa huko.

Watu ambao hawajanisoma kwa miaka wameninukuu leo. Jina langu limeandikwa zaidi kuliko siku yoyote. Nilisikia raha. Ilidumu mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, 10 Juni

Sauti ya Jovina, fupi. Hakuna mzaha ndani yake.

"Huyo ni mimi, sikatai. Nilikuwa darasa la sita. Hatukuwa tunahamia. Tulikuwa tunakwenda kumzika babu."

Wakamrukia. "Mnazika na magodoro?" "Msiba wa kuhamia huo!" "Babu alikuwa analalia mangapi?"

Mchana akaandika kwamba mtu amepeleka jina lake. Ameitwa kwa maofisa wa uhamiaji Jumatatu ijayo, aende na ushahidi wa wazazi wake na wa alikozaliwa. Cheti hana. Wazazi wote wawili wamekufa. Kamati ya shule kule kisiwani, ambamo yeye ni mjumbe, imemwambia apumzike kwanza mpaka mambo yaeleweke.

Nilizima simu.

Jumatano, 11 Juni

Sadoth amesitisha ujio wa Jovina. "Kwa sasa, Ma. Hali si nzuri. Meza ya Mkoa ni yako kama kawaida."

Nimepata nilichokitaka. Nimekula vizuri, ndizi na maharage. Nimefua. Nimepanga vitabu.

Godoro.

Alipozikwa shangazi kule Kashozi nilibeba godoro langu mwenyewe. Kila mtu alibeba. Unakwenda kulala msibani, siku tatu, siku nne; wenye msiba hawana magodoro ya kuwatosha watu sitini. Unabeba sufuria kwa sababu masufuria hayatoshi. Unabeba mkungu wa ndizi kwa sababu huendi mikono mitupu. Mhaya yeyote anajua hili. Watu wa grupu wanajua. Waliocheka jana wamelalia magodoro hayo hayo.

Mimi pia nilijua nilipoandika yale maneno. Sikufikiri msiba, kwa sababu watu hao walitoka upande wa visiwa, na upande wa visiwa hutoka wahamiaji.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefungua sanduku la madaftari. Yote yapo, kwa mwaka. Siku ile sikuwa mwaloni. Nilikuwa Maruku, habari ya miche ya kahawa, kurasa sita za maelezo safi. Picha ililetwa na basi ndani ya bahasha. Mpiga picha alikuwa Sosthenes, sasa marehemu. Hakuna jina hata moja la mtu aliyemo. Hakuna simu niliyopiga. Gazeti lilikuwa linafungwa saa kumi na moja.

Nimebandua fremu. Nyuma ya picha, kwa penseli, mwandiko wa Sosthenes: *mwaloni, 10 Sept.* Basi.

Huwa nawaambia vijana wa kituo: usiandike usichokiuliza. Nimesema hivyo chini ya fremu hiyo hiyo, walipokuja kunitembelea.

Ijumaa, 13 Juni

Muleba. Kijiji nilikipata kwa kumpigia Jovina, nikasema ni kazi ya habari. Alinielekeza bila kuuliza zaidi. Basi hadi Muleba mjini, kisha bodaboda, nusu saa, vumbi.

Baba yake mdogo, Ta Leonidas, alikuwa anageuza kahawa juani. Hakuacha.

"Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiye."

"Umechelewa, mama. Msiba umekwisha zamani. Tumeshakula na ndizi."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Makaburi manne. Matatu ya mawe, moja la saruji. Baltazari, babu yake Jovina. Amefariki tarehe 9 Septemba, mwaka ule ule wa picha. Siku moja kabla.

Nilimuuliza yote, kwa mpangilio. Mzee alikuwa na kibanja hapa, shamba la ukoo, tangu kwa baba yake. Alikwenda kisiwani kumsaidia mwanawe uvuvi, akafia huko. Haiwezekani mtu azikwe kisiwani wakati kibanja chake kipo na wazee wake wamo. Wanaume walitangulia na jeneza kwa mtumbwi wa kwanza. Wanawake na watoto wakafuata na vyombo. Hao ndio Sosthenes aliowakuta.

"Mpiga picha alituuliza?" Leonidas alirudia swali langu. "Alipiga, akaondoka. Tulidhani atakuja mwenye kuuliza."

Majirani wawili wamethibitisha. Mmoja alichimba kaburi. Nimechukua majina na nimewasomea nilichoandika. Leonidas alinipa papai. Sikulistahili, nimelichukua.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne. Sikumwonyesha Sadoth karatasi. Nilisoma kwa sauti ile ile ninayosomea vifo:

"Sahihisho. Picha inayosambazwa ya watu wakishuka mwaloni si ya wahamiaji. Ni ya wafiwa wa marehemu Baltazari, mkazi wa Muleba, wakienda kumzika kwenye kibanja chake. Maelezo ya picha niliandika mimi. Sikuwepo mwaloni na sikumuuliza mtu. Juma hili nilimpa picha hiyo aliyeisambaza, nikijua itamdhuru Jovina. Nilifanya hivyo kwa wivu."

Fundi mitambo alisahau kuweka muziki.

Niliyaandika vilevile kwenye grupu, pamoja na picha ya kaburi. Projestus alijibu, "Ma umechoka, pumzika." Kisha simu ikaniambia nimeondolewa.

Sadoth hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama ilikuwa lazima kulitaja neno la mwisho. Nilimwambia bila hilo habari isingekamilika.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimwandikia Jovina maelezo, kurasa mbili, na sahihi. Amekwenda nayo, pamoja na Leonidas na yule aliyechimba kaburi. Mchana alinipigia.

"Wamenisikiliza. Wamesema nitafute cheti cha ubatizo cha baba, basi. Leonidas aliwasimulia ukoo mzima mpaka ofisa akaomba maji."

Nilisema vizuri.

Kisha akasema, "Ma, nimekasirika na wewe. Sijui itaisha lini. Lakini nina ombi. Yule wa pili kutoka kushoto, mwenye godoro, aliyegeuka nusu. Ni mama. Hatuna picha yake nyingine."

Picha hiyo nimekaa nayo sebuleni kwangu miaka yote.

Jumatano, 18 Juni

Nimekata kile kipande cha maelezo, nikafuta vumbi kioo, nikafunga fremu kwa gazeti na kamba. Imekwenda Muleba na basi la asubuhi, mikononi mwa kondakta ninayemjua. Saa saba ujumbe wa Jovina: "Imefika."

Kipande nimekibandika hapa chini. Maneno kumi. Pembeni yake nimeandika jina la mzee.

Jumamosi, 21 Juni

Niko nyumbani. Sadoth amempa Jovina kipindi. Mimi nitahariri taarifa za juma.

Nilimsikiliza nikimenya ndizi. Anaongea haraka mno. Aliwaruhusu mtu wa Kiingereza na mtu wa Kiswahili wagombane dakika nane nzima, kisha akawauliza wote wawili watoto wao wamekalia nini. Mimi nisingeuliza hivyo. Ningekuwa na takwimu.

Bado namwonea wivu. Umepungua makali, haujaondoka.

Alikosea kitu kimoja. Shule ya kwanza aliyoitaja aliiweka kata nyingine. Kuna watu watalishika hilo kosa kabla ya saa sita.

Kipindi kilipoisha nilimpigia yeye mwenyewe. Nikamwambia kata, na nani pale shuleni wa kumuuliza.

"Haya, Ma," akasema. "Subiri nichukue kalamu."