Sabufa Aliyoichagua Oyet

Nabangala, uko? Nimekaa tu jikoni, hata sufuria sijaweka motoni.

Leo mimi na mume wangu Oyet tulienda Old Kampala kuchagua sabufa ya sebuleni. Zikabaki mbili. Ndogo ina sauti safi, mpaka unasikia mtu akivuta pumzi kwenye filamu. Kubwa inanguruma tu. Mimi nikataka ndogo.

Muuzaji akaiwasha. Kwenye skrini mwanamke analia, anaongea, nasikia kila neno.

Oyet akamwambia, "Sasa iwashe."

Banange, ilikuwa imewaka! Muuzaji akanitazama. Oyet akarudia, "Si uiwashe?"

Ilipopigwa ile kubwa akaiwekea kiganja juu, akatabasamu. "Hii ndiyo naisikia."

Hii ndiyo naisikia. Nabangala, mwaka mzima nakulilia kwamba Oyet amenichoka, nikimsemesha hajibu. Kumbe.

Nje nikamuuliza, "Tangu lini?"

Alikuwa anaangalia midomo yangu. "Tangu yale mazoezi ya bunduki. Wakijua kazini, mlinzi asiyesikia watamweka wapi?"

Sikulia. Sijui kwa nini sikulia. Nikamshika mkono tukarudi ndani, tukachukua ile kubwa.

Sasa ameifungulia, madirisha yanatetemeka, jirani anagonga ukuta. Sijamwambia apunguze.

Amenisihi nisimwambie mtu. Wewe peke yako ndiye unayejua, tafadhali.

Nimetoka kumuuliza kama atakula. Akapunguza sauti mwenyewe, akanigeukia: "Rudia, mama. Sikusikia."

Hajawahi kuniambia rudia.