Kinachotakiwa Kukatwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimetafsiri barua kumi na moja leo hapa masjala. Madaktari wageni wanakuja wiki hii kufanya upasuaji, hawajui neno la Kiswahili, na hospitali nzima anayejua Kiingereza vizuri ni mimi — ndivyo wanavyoamini. Wananiita Profesa. Barua ya mwisho ilikuwa ya mama mdogo. Daktari wetu ameandika: "Ana kivimbe kwenye mguu wa kushoto kinachotakiwa kukatwa." Dakika moja tu! She has a growth on the left leg which must be cut off. Nikagonga muhuri, ikaenda. Mama mdogo anasema cherehani yake ya kukanyaga itapumzika wiki mbili, basi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, barua imeandikwa na mtu wa nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Darasa la Kiingereza la jioni. Mwalimu kaandika ubaoni: The cup is on the table which is full of tea. Akauliza nini kimejaa chai. Kikombe, tukasema wote. Akasema hapana, hapo ni meza. Kwamba sisi tuna ngeli: "kilichojaa" inajua inakwenda kwa kikombe hata ikiwa mbali nacho. Which haijui ngeli. Inamdaka aliye karibu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaikumbuka barua ya mama mdogo.

Leg which must be cut off.

Mungu wangu. Nimeandika mguu ukatwe.

Alhamisi, 6 Machi

Sijasema. Najiambia daktari ana macho, atakiona kivimbe. Halafu nakumbuka wana wagonjwa arobaini kwa siku mbili. Na mkuu wa masjala alishatuonya: atakayekosea barua ya mgonjwa afungashe virago. Naogopa kufukuzwa. Aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo.

Mchana nimepita kwa mama mdogo. Alikuwa anamalizia sare za shule, mguu wa kushoto unakanyaga, wa kulia umetulia. Nikaanza kusema. Akadhani naogopa damu.

"Profesa mzima, unaogopa kuliko mgonjwa!"

Nikaaga upesi, kama mwizi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Orodha ya upasuaji imebandikwa mlangoni. Wa nne ni mama mdogo, na mbele ya jina lake maneno mawili tu: left leg. Kivimbe hakipo!

Nimekimbia wodini. Ameshavaa gauni lao la kijani. Nikamwuliza kama daktari amemchora popote. Akafunua shuka. Mstari wa kalamu, juu ya goti, umezunguka mguu wote. Kivimbe chenyewe kiko chini kabisa, karibu na kifundo. Yeye alidhani hapo ni pa kuchoma sindano ya ganzi.

Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu kama cherehani inaweza kukanyagwa na mguu mmoja.

Nikaiandika upya sentensi palepale, nimeegemea kabati la dawa: On the left leg there is a growth which must be cut off. Nimempa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Amesema atamfikishia daktari, nikae.

Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi la nje. Naandika ili mikono iwe na kazi. Mama mdogo wameshamwingiza, amelala chali, hakugeuka kuniangalia.

Muuguzi ametoka. Ana karatasi zote mbili, ile yenye muhuri na hii.

"Mwandiko ni mmoja," amesema. "Daktari anauliza aamini ipi."

Nimesema ya pili. Akasema haitoshi, ile ya kwanza ndiyo yenye muhuri. Daktari yuko hapa nyuma ya mlango, nimweleze mwenyewe, kwa Kiingereza, kinachokatwa ni nini.

Nimeomba dakika moja. Niandike kwanza hapa, nisije nikakosea tena. Muuguzi ameshika mlango, anautazama mkono wangu. Asubuhi nilikuwa najua. Nimezisoma zote mbili mara tatu na sasa zinafanana.

Doctor, please. The growth which is on the leg which