Usije Kabla Shimo Halijakauka

Mlandizi,
Mwezi wa Juni.

Mke wangu mpenzi, Mama Yustina,

Nakusalimu wewe na mtoto wetu, nikiamini baridi ya Njombe haijawazidi. Kikohozi cha Yustina kimeisha? Na mama, mguu unamruhusu kutembea mpaka kanisani? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu nitakueleza yote, maana umeniandikia kwamba mizigo umeshafunga na unasubiri neno langu tu.

Kazi yangu hujapata kuiona. Ofisi ya wilaya ikitengeneza barabara, mimi ndiye ninayesema kifusi kichimbwe wapi, maji ya mvua yaelekezwe wapi, na shimo lifukiwe lini. Cheo ni mratibu wa mazingira, lakini kuanzia hapa mpaka Kurui wamenibatiza Bwana Mashimo. Wanacheka wakiniita, nami naitika.

Kijiji nilikopanga chumba ni cha ujamaa, nje kidogo ya Mlandizi, upande wa mto Ruvu. Watu wake walitolewa kwenye mashamba yao ya zamani wakapangwa hapa mistari mistari. Kisima walichochimbiwa kina maji ya chumvi. Mwaka jana tulichukua kifusi bondeni, chini ya mstari wa mwisho wa nyumba, likabaki shimo kubwa lenye kuta wima. Tulikubaliana lifukiwe kabla ya masika. Kabla hatujaanza, tingatinga likapelekwa Kisarawe, kwa kuwa kule kazi ilikuwa imechelewa.

Nilimfuata mhandisi wetu ofisini Kibaha. Akaniambia, "Shimo halikimbii, Gervas. Wakubwa wanaulizia barabara, hawaulizii shimo."

Masika yakaja kwa nguvu. Ruvu ikatoka kwenye kingo zake, bonde zima likawa maji. Mto uliporudi mahali pake, shimo likabaki limejaa mpaka juu, maji matamu. Mama Yustina, watu walifurahi kama wamejengewa bomba. Wanawake walikuwa wakinisimamisha njiani kunishukuru. Mzee Pazi, mwenyekiti wa kijiji, aliliita bwawa la serikali, na kwenye mkutano wakapitisha kwamba lisifukiwe kabisa.

Kisha bata wakaanza kupungua. Walisema kicheche. Akapotea mbuzi wa Bi Mwavua, mama mwenye nyumba wangu, wakasema mwizi. Asubuhi moja nilishuka kupima kina cha maji, nikaona kwenye tope mfuo mpana, kama mtu aliyeburuta gunia zito kutoka majini. Kando ya mfuo kulikuwa na alama za kucha.

Nilikwenda kwa Mzee Pazi bila hata kunawa miguu. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Umemwona kwa macho?" akauliza.

"Hapana, mzee. Nimeona alama."

"Basi umeona tope. Mwanangu, wewe ni mtu wa milimani. Mamba anakaa mtoni. Ukianza maneno haya, watu watasema ofisi yenu inatafuta sababu ya kuwanyima maji."

Na kweli walisema hivyo. Waliacha kunichekea. Nilikata miiba nikazungushia ukingo. Kesho yake nikakuta wameisogeza wapate kupita. Bi Mwavua peke yake ndiye aliyenisikiliza. Akafunga ndoo kwenye mti mrefu, akawa anachota akiwa amesimama juu, wenzake wakimwuliza kama anavua samaki.

"Nachekwa kwa ajili yako, baba Yustina," aliniambia. "Lakini mbuzi wangu hakuwa na tabia ya kutembea."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa uani nakunywa chai nikasikia kelele za wanawake bondeni. Kamba ya ndoo ya Bi Mwavua ilikuwa imefunguka, ndoo ikaelea karibu na ukingo, naye akashuka kuichukua. Nilipofika, alikuwa majini mpaka kifuani, ameshika mzizi kwa mkono mmoja. Mkono mwingine sikuuona. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananitazama mimi. Wanaume wawili waliruka na miti, wakapiga maji kwa fujo, mimi na jirani tukamshika mabegani, tukavuta. Kilichokuwa upande wa pili nacho kilivuta. Halafu kikaachia ghafla, tukaanguka wote nyuma.

Tulimpeleka hospitali kwa tipa la mradi, nimempakata njia nzima, koti langu la kazi nimemfungia begani. Amepona, lakini mkono umekatwa juu ya kiwiko.

Bwana nyama wa wilaya, yule afisa wa wanyamapori, alikuja na bunduki, akakaa kutwa, jioni akampiga mamba mmoja. Watu walimvuta nchi kavu kwa shangwe, wakampiga mateke, mtu mmoja akamtemea mate. Bwana nyama aliniita kando.

"Ile mifuo uliyonionyesha," akasema kwa sauti ya chini, "si ya huyu. Huyu ni mdogo."

Niliandika ofisini, nikaenda mwenyewe tena. Mhandisi akasema mamba ameuawa, jambo limekwisha, na tingatinga halirudi mwaka huu. Kesho yake wanawake walikuwa bondeni na ndoo zao. Siwalaumu. Kiu haingoji.

Nikarudi kwa Mzee Pazi. Safari hii hakubishana. Alikuwa ametoka kumwona Bi Mwavua wodini. Akapiga mbiu, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Tumechimba mtaro kutoka shimoni kwenda mtoni kwa mikono, na tangu juzi maji yanashuka. Nilidhani tukiyamaliza, hofu nayo itakwisha.

Leo maji yamefika magotini na ukuta wa shimo umeonekana. Shimoni hamna mnyama. Ila kwenye ukuta wa upande wa kijiji, pale palipokuwa chini ya maji, pana tundu ambalo mtu mzima anaweza kuingia akitambaa. Limechimbwa kwa kucha, nalo linapanda kuelekea chini ya nyumba za mstari wa mwisho. Mzee Pazi aliingiza mti wote, haukugusa mwisho. Watu waliacha majembe, kila mmoja akageuka kutazama nyumba yake. Chumba nilichokupangia wewe na Yustina kiko kwenye mstari huo.

Tumewahamishia watu darasani. Bwana nyama tumempelekea habari, bado hajafika. Nakuandikia nikiwa kizingitini mwa shule, mahali ambapo naliona bonde.

Basi mizigo ifungue, mke wangu. Usije mpaka nikuandikie tena. Mpe mama shikamoo yangu, na umwombe aniombee bila kumwambia kwa nini. Msalimie kaka yangu mkubwa, mwambie nashukuru kwa kuwalimia shamba. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa kwaya. Yustina mwambie baba anampenda.

Ni mimi mumeo, ninayekuwaza,
Gervas, Baba Yustina.